Meno ya Chini ya Zimwi

Kabla hamjaendelea kusoma, mmoja wenu ainuke akaziondoe zile sanamu mlizozianika dirishani. Niliziona jana nilipopita. Jua la asubuhi la Lushoto ni la kudanganya. Mtu analiona la upole, kumbe linakausha upande mmoja na kuuacha wa pili mbichi, na kabla ya saa sita shingo imeshapasuka. Udongo unakauka kivulini, polepole, umefunikwa gunia lenye unyevu kidogo. Haya, sasa kaeni.

Mmeniomba niandike habari za kazi yangu kwa sababu nimestaafu. Neno lenyewe linanichekesha. Mfinyanzi hastaafu, ila mikono yake ndiyo inayomwacha. Yangu ilianza kuvimba viungo tangu masika ya mwaka juzi, na daktari akasema mimi na maji baridi basi. Kwa hiyo nimebaki na kalamu na mdomo. Kalamu sijaizoea, mdomo wangu mnaujua wenyewe.

Nawasikia wageni wakiwauliza swali lile lile. Wanapanda kutoka Irente na jamu na jibini kwenye mifuko, wanaingia karakana hii iliyoanza kwa vyungu vya maharage na mitungi ya maji, na wanasimama mbele ya mazimwi yetu majike yenye matumbo makubwa na meno. Wanauliza maana yake nini. Nanyi mnajibu, ni utamaduni wetu. Jibu hilo ni la uvivu. Mnalitoa kwa sababu hakuna aliyewaambia, na aliyetakiwa kuwaambia ni mimi. Nilikaa kimya miaka mingi kwa sababu niliogopa, na niliyekuwa namwogopea ni mwanangu Upendo.

Aliyenifundisha kazi ni Bibi Salome, aliyekuwa na kibanda chake upande wa Rangwi, chini ya mwinuko ambako kijito kinapinda. Nilikwenda kwake nikiwa msichana wa kumaliza darasa la saba, mwepesi wa maneno na mzito wa mikono. Yeye alikuwa kinyume changu. Alikuwa mama mfupi, mkavu, aliyeonja udongo kwa ulimi kabla ya kuukubali. Ukikwaruza meno, mchanga umezidi. Ukinata kwenye kaakaa, ongeza vigae vya vyungu vya zamani vilivyotwangwa laini, kwa sababu kigae kimeshapita motoni na kinamfundisha mwenzake namna ya kuvumilia. Ninyi mnapima kwa mizani na kopo, nami sikatai. Lakini siku mizani ikiharibika, ulimi mnao.

Bibi alikuwa na miiko, na mkubwa kuliko yote ni huu: mwanamume hakanyagi mahali pa kufinyangia wala pa kuchomea. Ndivyo alivyoukuta, ndivyo alivyouacha. Mwanamume akipita, chungu kitapasuka. Kuna siku vyungu vilipasuka na hapakuwa na mwanamume hata ng'ambo ya bonde. Nikamwuliza Bibi imekuwaje. Akasema basi yuko mmoja mahali fulani aliyekuwa anatuwaza. Nilicheka, akanipa kazi ya kubeba kuni siku nzima.

Kosa langu la kwanza nalikumbuka kuliko sifa zote nilizowahi kupewa. Nilifinyanga kuku. Alikuwa kuku mzuri, mnene, mwenye tumbo tupu ndani, na nililiziba kabisa kwa sababu niliona tundu litamharibu sura. Bibi aliniuliza kama nimemtoboa. Nikasema ndiyo. Tulipochoma, mlio ulisikika hadi barabarani. Kuku wangu alipasuka na kuondoka na mitungi mitatu ya Bibi, kazi ya wiki mbili. Hakunifokea. Aliokota kipande cha mtungi wake, akanipa mkononi kikiwa bado cha moto, akasema kitu chenye tumbo lazima kiwe na mahali pa kupumulia, na anayelificha hilo hafichi kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo sijawahi kuziba tumbo. Nendeni mkaangalie mazimwi yote ya karakana hii. Kila moja lina tundu chini ya kitovu.

Habari za zimwi Bibi alikuwa anatusimulia wakati wa kukanda, kwa sababu kukanda kunachosha na hadithi hupunguza uchovu. Wengi wenu mmekua mkitishwa na zimwi jike la msituni linalomeza watoto watoro. La Bibi lilikuwa jingine. Zimwi lake lilikaa juu kabisa, msitu unakoshikana na mawingu, na lilikuwa na meno ya juu peke yake, makubwa, ya chini halina. Mama aliyelazimishwa kumtupa mwanawe msituni alimwacha kwenye mizizi ya mti na kukimbia bila kugeuka. Zimwi lilishuka. Lilimwokota yule mtoto, likamtia tumboni mwake penye joto, likatembea naye miezi na miezi likimwimbia, hadi siku alipokuwa ametimia. Halafu lilimweka kando ya njia ya watu asubuhi na mapema, likajificha nyuma ya mti kuhakikisha ameokotwa.

Niliisikia hadithi hiyo mara nyingi nikidhani ni ya wote. Baadaye nilipowauliza wazee wengine, hakuna aliyekuwa anaijua.

Kuolewa kwangu hakuna la kusimulia zaidi ya kwamba nilipata mtu mwema. Yohana alikuwa anafanya kazi kwenye chai upande wa Mponde, anarudi nyumbani mwisho wa mwezi akinuka majani mabichi. Mama yake ndiye aliyenitia hofu. Mama mkwe alikuwa mrefu, mzee wa kanisa, maneno machache, macho mengi. Alikaa kilima cha pili kutoka kwetu, na Upendo alipozaliwa, kila siku ya gulio alishuka na ndizi, akamwangalia mjukuu, akapanda tena. Hakuna siku aliyonisema vibaya. Lakini kila alipoondoka nilijiona nimefanyiwa mtihani na majibu sijapewa.

Upendo alikuwa na miezi sita. Nilikuwa namlisha uji, kijiko kikagonga kitu. Kila mzazi huusubiri mlio ule, ni furaha ya nyumba. Niliweka kidole nikapapasa ufizi wa chini, ulikuwa laini kabisa. Nikapandisha kidole. Meno mawili yalikuwa juu.

Kwa vijana msiojua, mtoto anayeanza kuota meno ya juu anaitwa kigego. Zamani, katika milima hii na kwa majirani zetu wengi, kigego alikuwa ni mkosi. Ilisemekana akikua ukoo utakwisha, kwa hiyo aliondolewa mapema, na namna walivyoondolewa sitaki kuiandika yote. Wazee wale wale waliosema hayo husimulia kwamba yule mwindaji aliyekuja kutawala Usambara naye alikuwa kigego aliyekimbia kwao, na husimulia kwa majivuno, lakini hilo halikuwazuia kuwaogopa wa nyumbani kwao. Wakati wangu hakuna aliyekuwa anatupa mtoto. Kanisa lilikuwapo, zahanati ilikuwapo, serikali ilikuwapo. Ila jina lilikuwapo pia. Nilimjua mtu mzima mwenye ndevu ambaye kila ng'ombe alipokufa kijijini watu waligeuka kumtazama. Hakuoa. Alikuwa anakula peke yake.

Nilimfunga mwanangu mgongoni nikashuka kwa Bibi Salome mbio, na njiani nililia, siwafichi. Bibi aliosha mikono, akatia kidole chake mdomoni mwa mtoto, akapapasa ufizi wa juu taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hakukitoa kidole. Alikaa hivyo hadi Upendo akaanza kukinyonya.

"Wa kwangu wa kwanza alikuwa hivi," akasema. "Walikuja wazee watatu wa upande wa mume wangu, wakambeba, wakapanda naye msituni. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba."

Nilimwuliza kwa sauti ndogo kama hadithi ya zimwi aliisikia kwa nani.

"Sikuisikia kwa mtu. Nilihitaji awepo wa kumwokota."

Wanangu, nimeona kazi nyingi za sanaa. Upendo amenitembeza kwenye majumba ya Dar es Salaam yenye picha za ukuta mzima na vitu vya chuma vinavyozunguka vyenyewe. Sijawahi kusimama mbele ya kitu kikubwa kama kile nilichosimama mbele yake siku ile. Mtoto wa miaka kumi na saba, hana uwezo wa kumzuia mtu yeyote, alikaa chini akaumba zimwi zima kwa maneno, akalipa tumbo lenye joto, akalipandisha msituni likae linamngojea mwanawe. Na kwa zaidi ya miaka hamsini aliendelea kulisimulia ili lisiondoke pale.

Bibi hakunipa nafasi ya kulia tena. Alisema ya chini yakishaota, hakuna atakayejua yapi yalitangulia. Mwezi mmoja, au miwili. Kazi yetu ni kumfunga mtoto mdomo mpaka hapo. Halafu akakata bonge kubwa la udongo.

Tulilifinyanga zimwi kwa siku nne, yeye kichwa na mimi tumbo. Lilinifika kiunoni. Tumbo tuliliachia mlango mbele, mkubwa wa kupitisha kichwa cha mtoto, na juu tulilipa meno mawili mapana. Tukaliweka mlangoni mwa kibanda, likitazama njia. Kisha Bibi akatangaza mwiko mpya: zimwi hili halijakauka, halitaki kivuli cha mgeni, asiyeshika udongo tangu asubuhi asivuke hapa. Watu wa Rangwi walikuwa wamezoea miiko yake, wakauongeza huu kwenye hesabu. Nami kila siku ya gulio nilikuwa kibandani na Upendo kabla jua halijapanda.

Mama mkwe alifika na ndizi zake. Aliliona zimwi, akasimama. Nilimwamkia kutoka ndani, shikamoo mama, akaitikia marahaba, akauliza kama mtoto hajambo. Nikasema hajambo, ananyonya. Ukimnyonyesha mtoto mdomo wake umefungwa, hiyo ndiyo ilikuwa hila yangu yote. Alikaa kwenye jiwe nje, muda mrefu kuliko kawaida, kisha akaacha ndizi na kuondoka. Wiki iliyofuata hivyo hivyo, na iliyofuata. Upendo alinyonya hadi akachoka, akawa ananigeuzia uso. Na kila nilipopapasa ufizi wa chini ulikuwa bado laini. Nilimwogopa yule mama kiasi cha kuota ndoto zake.

Gulio la tano, Upendo alinisaliti. Alikuwa ameanza kutambaa. Niligeuka kuchukua gunzi la kuchorea, kugeuka tena mtoto hayupo. Alikuwa mlangoni. Alikuwa ameshika tumbo la zimwi kwa mikono miwili, amesimama, kichwa amekiingiza kwenye ule mlango, anapiga kelele mle ndani na kuisikiliza sauti yake inavyorudi. Na mama mkwe alikuwa hatua tatu kutoka hapo, na ndizi kichwani.

Upendo alitoa kichwa. Akamwona bibi yake, akacheka kwa mdomo wote.

Sikuweza kusogea. Bibi Salome aliinuka, akasimama mbele yangu. Mama mkwe aliutazama ule mdomo. Aliushusha mkungu chini polepole. Halafu akavuka mwiko, akapita pembeni mwa zimwi, akiligusa begani kama mtu anayepita karibu na jamaa yake.

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha," akasema.

Alimwinua mjukuu, akatia kidole, akapapasa juu. Nilikuwa nasubiri alie au alaani. Alinigeukia mimi.

"Baba yake naye alikuwa hivi. Nilimficha darini juu ya mahindi, nikawaambia watu ana surua. Siku arobaini na moja."

Akakaa chini kwenye majani yetu ya mgomba ya kukandia udongo, yeye mzee wa kanisa, na kitenge chake kisafi. Akasema amekuwa akishuka kila gulio kwa sababu anajua damu yao, na alitaka kuniambia mapema nisije nikashtuka peke yangu. Lakini kila akifika anaona mlango umefungwa kwa zimwi, anadhani nimeshaona na simtaki, au sijaona na akisema atakuwa amemharibia mtoto kwa mdomo wake mwenyewe. Kwa hiyo anakaa kwenye jiwe anaomba. Mimi ndani namficha mtoto asimwone, yeye nje anamwombea asionwe. Nilipoelewa, niliona aibu hadi nikajifunika uso kwa mikono yenye udongo.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo tunavyosema. Lakini nilikuwa nimesahau kwamba na mama mkwe ni mzazi.

Kisha akafanya kitu. Alinawa mikono kwenye ndoo yetu, akachota udongo mbichi, akavingirisha vipande viwili vidogo. Akaliendea zimwi, akabandika kimoja kwenye ufizi wa chini, akakandamiza kwa dole gumba. Akabandika cha pili.

Hapa nawaomba msikilize kama mafundi. Zimwi lile lilikuwa limekwisha kukauka. Mnajua na mimi najua kwamba udongo mbichi haushiki kwenye mkavu. Lazima ukwaruze pande zote mbili, upake uji wa udongo, na hata hivyo vyote viwe na unyevu sawa. Udongo uwahi ungali maji. Nilifungua mdomo nimwelekeze, maana ujuzi ukishakuingia unakuwasha. Bibi Salome alinikanyaga mguu. Alinikanyaga hasa, nikanyamaza. Alama ya dole gumba la mama mkwe ilibaki kwenye kila jino, mistari yote inaonekana.

Kabla hajaondoka alinikataza jambo moja. Yohana asiambiwe habari zake mwenyewe. Alisema mwanamume jambo hilo litamkaa kooni, atajitazama kila anapopatwa na shida. Nikaahidi.

Tulichoma zimwi juma lile lile. Tulipanga kuni za mti wa mwati chini, tukalilaza, tukalizungushia vigae vikubwa visiruhusu moto kulilamba upande mmoja, tukafunika kwa magome na samadi kavu ya ng'ombe. Mama mkwe alikuja kuangalia, na jioni moto ulipotulia alikuwa bado pale. Tulipofukua majivu, tumbo lilikuwa zima. Jino moja la chini lilikuwa limeanguka, kama ilivyotakiwa kuwa. La pili lilikuwa limeshika. Nililivuta, nikalisukuma, nikaligonga na kucha. Lilikuwa limeshika kana kwamba limezaliwa nalo. Nimefinyanga miaka arobaini baada ya hapo na sijaweza kulieleza lile jino, na sijajaribu kulirudia, kwa sababu kazi nyingine si zangu.

Lililoanguka mama mkwe alilifunga kwenye pindo la kanga. Miaka mingi baadaye, tulipokuwa tunamwandaa kwa safari yake ya mwisho, nililikuta kwenye pindo la kanga nyingine. Nilimwachia aende nalo. Bibi Salome alikuwa ametangulia zamani.

Upendo aliota ya chini siku kumi baada ya ule moto. Hakuna aliyejua. Alikua, akacheza na udongo, akawa na mikono kunishinda, akasoma sanaa, akaenda Dar es Salaam. Zimwi lile mgeni mmoja aliliona akataka la kwake, mwingine akataka, tukaanza kuyafinyanga, na ndivyo karakana ilivyopata jina. Mnawapa wageni maziwa na kuwanyima ng'ombe, sanamu bila hadithi yake, na mimi ndiye niliyewafundisha.

Sasa nieleze aibu yangu ya pili, ya juzi juzi tu. Upendo amepata mtoto wa kiume ukubwani. Siku moja niko kwenye maharage, simu ikalia, picha. Mtoto anacheka. Meno mawili, juu. Na mama yake ameituma kwenye kundi la ukoo wote, shangazi, wajomba, watoto wa mama wadogo, hadi mchungaji yumo, na ameandika kwa furaha kwamba meno yameota. Mimi niliyekuwa nimeyaona yote haya, mimi niliyesimama mbele ya Bibi Salome, nilipiga simu nikamwambia afute ile picha.

"Kwa nini, mama?"

Nilitafuta uongo, sikuupata. Nikakaa chini kwenye tuta, nikamwambia. Nilimwambia kuhusu msitu, zimwi, dari, siku arobaini na moja, na yeye mwenyewe na kichwa chake tumboni mwa zimwi.

"Kwa hiyo na mimi mlinificha," akasema.

Nikasema ndiyo. Akauliza kama baba yake anajua kuhusu yeye mwenyewe. Nikasema hajui, nilikatazwa. Picha hakuifuta. Wiki ile ile alipanda gari na mtoto, akaja, akalitoa zimwi la kwanza kutoka pembeni mwa karakana nilikokuwa nimelipangia miche ya kabichi kichwani, akaliosha kwa mswaki. Akamwinua mwanawe mbele ya mdomo wake. Yule mtoto alilivamia na kulitafuna lile jino la chini kwa ufizi wake mtupu wa chini, mate yakamiminika, nasi wawili tukabaki tukimtazama.

Kilichofuata mlikiona, mlisaidia kukanda. Lile zimwi kubwa, refu kuliko mtu, alilijenga kwa pete saba, kila pete ikachomwa peke yake kisha zikapandanishwa, kwa sababu hakuna rundo la kuni litakalochoma kitu cha namna ile kwa mara moja. Mdomoni lina meno mawili, juu tu, na tumbo lake lina mlango wa kuinamia. Na ndani ya tumbo, penye kiza kidogo, aliliweka zimwi letu la zamani na jino lake.

Siku ya kufungua maonyesho pale ukumbini Lushoto mjini, wengi wenu mlikuwa nyuma mkigawa soda, hamkuona vizuri. Ngoja niwaambie. Upendo aliniomba niseme habari za zimwi mbele ya watu. Nilimwambia nitaona. Moyoni nilijua sitasema. Ukumbi ulijaa, wageni mbele, na nyuma kina mama wa vilimani waliokuja na magari ya mboga. Na mlangoni alisimama Yohana wangu na kofia yake. Mwiko wa Bibi Salome alikuwa ameuheshimu maisha yake yote, hata karakana ilipoanza kupokea wageni, hajawahi kukanyaga tunapofinyangia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona nilichokuwa nafanya miaka yote ya ndoa yetu.

Kabla hajaitwa mtu kusema, mama mmoja mzee sana wa upande wa Rangwi alitoka kwenye kundi. Simjui jina. Alilisogelea zimwi kubwa, akanyanyua mkono, akatia kidole mdomoni mwake na kulipapasa juu taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hivyo hivyo. Nilishika kiti. Akasema, bila kumtazama mtu, kwa sauti ya kawaida ya kutaja bei ya viazi:

"Wa kwangu wa tatu alikuwa hivi."

Mama wa pili akaenda, akatia kidole. Wa kwangu wa kwanza. Akaja mwingine, akasema si wa kwake, wa dada yake. Walijipanga. Wageni hawakuelewa wanachokiona, lakini walivua kofia. Mimi nilitazama wale kina mama, wote nimeuza nao sokoni, wengine nimesali nao benchi moja, na kila mmoja alikuwa na dari yake.

Nikajikuta nimesimama. Magoti yangu mnayajua, lakini nilifika. Nikatia kidole, udongo ulikuwa baridi.

"Wa kwangu ni huyu hapa," nikasema, nikamwonyesha Upendo, na mtoto mgongoni. Sauti yangu haikutetemeka. Nilikuwa nimeingojea kwa miaka arobaini itetemeke, na haikutetemeka.

Ndipo nikaona mkono umenyooshwa kule mlangoni, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kusema.

"Na mimi," akasema Yohana. "Mama aliniambia kabla hajafa. Akanikataza nisikwambie wewe, akasema utashtuka."

Watu walicheka, nami nikacheka, machozi yakinitoka. Nyumba nzima tulikuwa tunafichana jambo moja. Yohana alivua kofia, akapita katikati ya watu, akavuka hadi kwenye zimwi. Akainama kwenye ule mlango wa tumbo, mabega yake yakaingia mle ndani. Nilisogea kumshika asianguke. Niliona ameligusa lile jino la chini, amelipapasa, ameiona alama. Akaweka dole gumba lake juu ya alama ya dole gumba la mama yake, likaenea, na hakutoka mle ndani mpaka soda zilipokwisha kugawiwa.